Ten ya Pearl Jam: ubishi juu ya mwangwi

Agosti 27, 1991, bendi ya Pearl Jam ya Seattle, Marekani, ilitoa albamu yake ya kwanza, Ten. Miaka kumi hivi baadaye mpiga besi wake, Jeff Ament, alikuwa bado anasema waziwazi kwamba angetamani ichanganywe upya. Hakutaka mtu arudie kupiga wala kuimba chochote. Alitaka mwangwi upunguzwe, basi. Kumbuka kwamba hii ni albamu iliyothibitishwa kuuza nakala milioni 13 Marekani peke yake. Ni nadra kumsikia mtu akiinung'unikia kazi iliyomjengea nyumba.

Manung'uniko hayo yalizaa matunda mwaka 2009, albamu ilipotolewa tena ikiwa na sura mbili: ile ya zamani, na nyingine iliyochanganywa upya na prodyuza Brendan O'Brien. Tangu hapo mashabiki wa roki wamegawanyika. Wapo wanaosema hatimaye tumeisikia Pearl Jam ya kweli, na wapo wanaosema O'Brien ameifuta rangi picha iliyokwisha kukauka. Mimi niko karibu zaidi na kundi la pili, ila si kwa nyimbo zote.

Kwa asiyefuatilia mambo ya studio: kurekodi ni hatua moja, kuchanganya ni nyingine. Ukishazinasa dramu, besi, gitaa la ridhimu, gitaa la solo na sauti ya mwimbaji, kila kimoja hukaa kwenye njia yake. Fundi anayechanganya ndiye anayeamua nani asimame mbele, nani arudi nyuma, na wote wawe wanapiga katika chumba cha namna gani. Mwangwi wa kutengenezwa ndio unaojenga hicho chumba. Ongea ndani ya nyumba mpya ambayo haijaingizwa hata kiti, kisha uongee ndani ya chumba kilichojaa magodoro: maneno ni yaleyale, ila msikilizaji atayapokea tofauti kabisa. Ten ya mwaka 1991 inapigwa katika nyumba tupu, tena kubwa, yenye dari la juu.

Sasa, nani aliwapeleka kwenye nyumba hiyo? Nyimbo zilirekodiwa Machi na Aprili 1991 katika studio ya London Bridge, eneo la Seattle, wakisimamiwa na Rick Parashar, ambaye pia alipiga piano na kinanda humo. Juni mwaka huohuo kanda zikapelekwa Uingereza, kwa Tim Palmer, katika studio ya Ridge Farm iliyoko mashambani Surrey. Palmer alikuwa ameshafanya kazi na Robert Plant, na pia na David Bowie katika bendi yake ya Tin Machine. Ridge Farm ilikuwa mbali na maduka ya kukodisha vyombo, kiasi kwamba katika wimbo wa "Oceans" Palmer alitumia kichupa cha pilipili manga na mtungi wa kuzimia moto kama vyombo vya kugonga. Vyote viwili vimetajwa kwenye maelezo ya albamu, na hakuna mwenye cheo cha ajabu kuvipita.

Palmer hakufanya kazi hiyo gizani wala kwa kuviziana. Hukohuko Ridge Farm ndiko alikomtaka mpiga gitaa wa bendi, Mike McCready, akamilishe solo ya "Alive", ile inayoufunga wimbo kwa dakika nzima na zaidi, na ndiko pia utangulizi wa "Black" ulikorekebishwa. Kwa hiyo ile hadithi ya Mwingereza aliyeimwagia maji bendi safi ya Seattle wenyewe wakiwa usingizini haiingii akilini.

Hata hivyo upande unaolalamika una hoja nzito, na tuanze nao. Sikiliza "Even Flow" katika sura ya 1991 ukiwa na spika nzuri za masikioni. Gitaa la Stone Gossard na lile la McCready yanapiga vitu tofauti: mmoja anakata ridhimu nzito ya kukwamakwama, mwingine anajibu na kuchombeza. Mwangwi umeyayeyusha yakawa ukuta mmoja. Dramu za Dave Krusen zinatua kama zimepigwa mwisho wa ukumbi, na pigo linapofika limeshapoteza ncha. Besi ya Ament, ambayo ndiyo inayozunguka zaidi kuliko vyombo vyote, unaihisi kuliko unavyoisikia. Kwa mtu aliyezoea muziki ambao kila gitaa lina kazi yake na linasikika likiifanya, huu ni upotevu. Mtu anayedai albamu hii imezeeka kwa sauti wakati nyimbo hazijazeeka hasemi uongo: mwangwi wa aina hiyo ni muhuri wa roki ya viwanjani ya miaka ya 1980, na unaitaja tarehe kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Kuna pia hoja ya heshima, na hiyo ndiyo iliyowauma Pearl Jam zaidi. Nevermind ya Nirvana ilitoka Septemba 24, 1991, siku 28 tu baada ya Ten, na ghafla dunia ikaamua kwamba Seattle ni mji wa ukweli mtupu, wa gitaa zisizopambwa, wa watu wasiojali mauzo. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, akawashambulia Pearl Jam kwa maneno makali, akiwaona wafanyabiashara waliovaa nguo za wenzao. Albamu yenye mwangwi mkubwa, solo ndefu na sauti nzito ya kuinua uwanja mzima ilikuwa ushahidi rahisi kwa mshitaki. Kwamba ilitoka kabla ya Nevermind, na kwa hiyo isingeweza kuifuata, hakuna aliyehangaika kuhesabu.

Linalochekesha ni kwamba Cobain naye hakuipenda sauti ya albamu yake. Nevermind ilichanganywa na Andy Wallace ikang'arishwa barabara, na baadaye Cobain akalalamika kuwa imepakwa mafuta kupita kiasi. Mwaka 1993 bendi zote mbili zikakimbia mwangwi kwa mwezi mmoja tofauti: Nirvana wakamwendea fundi Steve Albini wakatoa In Utero mwezi Septemba, Pearl Jam wakamwendea O'Brien wakatoa Vs. mwezi Oktoba. Vs. ni kavu, dramu zake ziko usoni kwako, na iliuza takribani nakala 950,000 katika wiki ya kwanza Marekani. Ukiniuliza, hapo ndipo majuto juu ya Ten yalipokomaa. Wakati huo ukavu ulikuwa umeshageuka kuwa dalili ya uaminifu, na aliyekuwa na mwangwi akaonekana ana la kuficha.

Lakini mwangwi wa Ten unaficha nini hasa? Hapa ndipo ninapoachana na walalamikaji.

Rudi nyuma kidogo uone bendi hii ilitoka wapi. Gossard na Ament walikuwa Mother Love Bone, kundi ambalo halikuwahi kuona haya kutaka viwanja vikubwa. Machi 1990 mwimbaji wao, Andrew Wood, alifariki kwa kuzidisha heroini, miezi michache kabla albamu yao haijatoka. Gossard akaendelea kutunga, McCready akaingia, na kanda ya muziki usio na maneno ikapitia kwa Jack Irons, aliyekuwa mpiga dramu wa Red Hot Chili Peppers, hadi San Diego kwa kijana mmoja aliyefanya kazi zamu za usiku kituo cha mafuta na kuteleza juu ya mawimbi asubuhi. Kijana huyo, Eddie Vedder, ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji wa Pearl Jam. Aliisikiliza kanda, akaenda baharini, akarudi na mashairi ya nyimbo tatu zinazofuatana kama hadithi moja. Mbili kati ya hizo, "Alive" na "Once", zimo katika Ten. Oktoba 1990 alipanda ndege kwenda Seattle. Miezi mitano baadaye wako studio wanarekodi.

Kwa hiyo muziki huu ulianza kutungwa na watu waliofikiria ukubwa, katika kipindi cha matanga, na maneno yakaletwa na mgeni aliyekuwa maili nyingi kutoka kwao. Umbali umo ndani yake tangu mwanzo, Palmer aliukuta. Ushahidi mzuri zaidi ni ule mlio wa ukungu unaofungua albamu na kuifunga, kipande kiitwacho "Master/Slave". Kimejengwa juu ya besi ya Ament mwenyewe, tena ile besi ambayo shingo yake haina vyuma vidogo vya kugawa noti, kwa hiyo sauti inateleza badala ya kukanyaga. Kipande hicho ondoa mwangwi, hakibaki kitu. Mtu yuleyule aliyeomba mwangwi upunguzwe ndiye aliyetufungulia mlango wa nyumba tupu na ndiye anayeufunga.

Kisha kuna maneno yenyewe. "Alive" inahusu kijana anayeambiwa na mama yake kwamba mwanamume aliyemlea siye baba yake, na baba halisi ameshakufa. Hilo lilimpata Vedder. Kwake kuwa hai kulikuwa mzigo, hata kama kiitikio kinasikika kama shangwe. Watu viwanjani wakakiimba kama shangwe, mwaka baada ya mwaka, mpaka Vedder akaja kusema kwamba wasikilizaji ndio walioiondoa laana ya wimbo ule. Sasa jiulize kama ungetokea hivyo endapo wimbo ungechanganywa kwa ukavu, mwimbaji akiwa amekusogelea sikioni akikusimulia aibu ya familia yake. Ungesikilizwa kama siri. Uwanja wa mwangwi aliouweka Palmer uliacha nafasi ya watu wengine kuingia na kuimba, na waliingia.

Sura ya O'Brien inathibitisha hoja zote mbili, na ndiyo maana haikumaliza ubishi. Ukiweka "Once" ya 2009 unaruka kwenye kiti: gitaa zimetengana, dramu zina ngozi, Vedder yuko mbele na unasikia koo linavyokwaruza. "Porch" nayo imefaidika, kwa kuwa ni wimbo wa hasira na hasira haihitaji dari refu. Kwa "Even Flow" nakubali kushindwa bila kinyongo. Yale magitaa mawili hatimaye yanajibizana ninavyotaka.

Nenda sasa kwenye "Release". Ni wimbo wa mtoto anayemwita baba aliyekufa. Katika sura ya zamani sauti inaanzia mbali na kukua taratibu hadi ijaze kila pembe. Katika sura mpya mwimbaji tayari yuko karibu nawe tangu ubeti wa kwanza, kwa hiyo hana pa kutoka wala pa kufika. Kila neno ni wazi na wimbo umepungua. "Oceans" vilevile: ukishaukausha, kinachobaki ni mtu anayegonga mtungi. "Black" iko katikati. O'Brien amemsogeza Vedder karibu na uchungu unaonekana zaidi, ila yale maombolezo ya mwishoni, yasiyo na maneno, nayapenda yakipotelea mbali kuliko yakinilia kifuani. Huo ndio wimbo ambao kampuni yao ya rekodi, Epic, iliutaka sana utolewe peke yake na bendi ikakataa. Walikataa kuuza wimbo wao mtamu kuliko yote, halafu bado wakaitwa wafanyabiashara.

Wapo wanaobeba lawama nyingine: kwamba Ten ilizaa kizazi kizima cha waimbaji wa sauti nzito wanaonguruma kana kwamba wameng'atwa ulimi, na redio za Marekani zikajaa nakala zao hadi mwisho wa miaka ya 1990. Ni kweli walikuwepo, na wengi walichosha. Lakini hao waliiga koo la Vedder, hawakuiga namna Gossard anavyokata ridhimu wala namna Ament alivyotunga "Jeremy" juu ya besi ya nyuzi 12. Kumlaumu aliyeigwa ni uvivu.

Swali la haki ni gumu zaidi. Je, bendi ina haki ya kurudi miaka 18 baadaye na kurekebisha kilichokwisha kukaa katika maisha ya watu? Nadhani inayo, kazi ni yao. Kosa lingekuwa kuizika ya zamani, kama wafanyavyo wengine, ukaenda kuitafuta na kukuta iliyopakwa upya peke yake. Pearl Jam waliziweka zote mbili ndani ya bahasha moja. Zaidi ya hapo, O'Brien mwenyewe alisitasita kwa miaka kabla ya kukubali. Alianza kwa kuchanganya upya nyimbo tatu tu, "Once", "Alive" na "Black", kwa ajili ya mkusanyiko wa mwaka 2004. Fundi anayeogopa kukigusa kitu ndiye wa kukabidhiwa.

Anayeijia Ten kwa mara ya kwanza leo ningemshauri aanze na ya 1991, mfululizo, kuanzia ule ukungu wa mwanzo hadi unaporudi mwishoni, dakika hamsini na kitu. Kisha achukue "Once", "Even Flow" na "Porch" za 2009 na kuzisikiliza kwa sauti ya juu. "Deep" anaweza kuiruka katika sura zote mbili. Palmer alijaribu, O'Brien akajaribu, na bado ni wimbo wa kawaida.