Hata Kufilisika Kuna Masharti

Ndugu zangu, aliyesema kujiajiri ni uhuru hajawahi kujiajiri Marekani. Mimi ni fundi rangi. Nina brashi zangu, ngazi yangu, gari langu la mizigo linalotoa moshi kama lina hasira, na kwenye kadi ya biashara nimejiandika Mkurugenzi. Ukurugenzi huo ndio ulioniponza.

Mtu aliyeajiriwa, makato yake ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni yanagawanywa: nusu anakatwa yeye, nusu anatoa bosi. Sasa bosi wangu mimi ni nani? Ni mimi. Kwa hiyo napigwa kote kote: asilimia 12.4 ya Social Security, asilimia 2.9 ya Medicare, jumla 15.3. Na hapo kodi ya mapato bado haijafika, yenyewe inakuja nyuma na njaa yake. Ukipata faida ya dola 400 kwa mwaka mzima, umo. Kiwango hicho kipo tangu miaka ya 1950, wakati dola 400 zilikuwa hela ya kumfanya mtu atembee kifua mbele. Leo unanunua ngazi nzuri, zimekwisha. Eti kwa huruma, hesabu haifanywi juu ya faida yote, inafanywa juu ya asilimia 92.35 yake. Niliposikia hivyo nilishukuru sana. Nikaenda kupiga hesabu, nikarudi kuzichukua shukrani zangu.

Halafu watu wa kodi wanataka ulipe kwa robo. Nijuavyo mimi, robo ya mwaka ni miezi mitatu. Robo za hawa jamaa ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Hesabu mwenyewe: hapo kati kuna miezi miwili, halafu mitatu, halafu minne. Nani aliigawa hii keki? Unalipa ya Aprili, hujakaa vizuri, Juni hii hapa mlangoni. Tena Aprili 15 ndiyo siku hiyohiyo ya kufunga hesabu za mwaka uliopita, ili ukibanwa mbele ubanwe na nyuma. Wateja wangu nao hawana robo wala nusu. Ukimaliza kupaka nyumba, mwenye nyumba anapiga picha ukuta, anausifia, anakuambia tutawasiliana. Wapo ambao mpaka leo tunawasiliana.

Barua zikaanza. Ya kwanza ina adabu zake, pembeni juu imeandikwa CP14: unadaiwa kiasi hiki, tunaomba ulipe. Nikaiweka juu ya friji. Zikafuata CP501, CP503 na CP504. Ya 502 sijui walimpelekea nani, naye nampa pole. Kadiri namba inavyopanda ndivyo adabu inavyoshuka, na ya mwisho ikaja kwa rejista, inataka saini. Aliyesaini ni mke wangu. "Baba Asha," akaniita, kwa ile sauti ya kuitia watu msibani, "serikali imekuandikia." Kila barua ina kipande chini cha kukata na kurudisha pamoja na hundi. Mwanangu mdogo alivikata vyote kwa mkasi, vizuri kabisa, kwenye mstari. Nyumba nzima ni yeye peke yake aliyefuata maelekezo.

Adhabu zao nazo zina vituko. Ukichelewa kupeleka ritani, yaani ile fomu ya kutangaza mapato yako ya mwaka, ni asilimia 5 ya deni kila mwezi mpaka ifike 25. Ukipeleka ritani lakini huna hela, ni nusu asilimia kwa mwezi. Yaani kunyamaza ni ghali mara kumi kuliko kusema sina! Mtu mzima umelelewa ukaambiwa usitangaze shida zako, kumbe huku aibu inatozwa. Na juu ya hayo kuna riba inayojizidisha kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mimi nikiugua mafua sipati senti, riba haijawahi kupiga hata chafya.

Jamaa mmoja tunayepaka naye akanishauri: tangaza kufilisika, yote yanafutika. Nikaenda kwa wakili nimevaa suruali ya kazini makusudi, ili asipate taabu kuniamini. Hakunitazama hata suruali. Aliuliza, "Ritani umepeleka?"

Kumbe deni la kodi ni kama mkungu wa ndizi, lazima ulivundike kwanza. Siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya mwaka husika iwe imepita miaka 3. Ritani yenyewe uwe umeipeleka zaidi ya miaka 2 iliyopita. Na deni liwe limeingizwa rasmi kwenye vitabu vyao angalau siku 240. Langu ni bichi, linadondosha utomvu. Ukijificha mpaka wakuandikie ritani wao wenyewe, hiyo haihesabiwi kuwa yako. Tena zipo mahakama za rufaa zinazosema ritani ikichelewa hata siku moja, deni lake halifutiki maisha. Ukidanganya makusudi, ndiyo usiulize kabisa.

Akaendelea: kuna Sura ya 7 na Sura ya 13. Nikadhani tunafungua kwa sala, kumbe ni sura za sheria ya kufilisika. Sura ya 7 inafuta madeni yanayofutika, na mali isiyokingwa na sheria inauzwa. Sura ya 13 unapangiwa kulipa kwa miaka 3 hadi 5, na kodi mpya zote uzilipe kwa wakati. Wakili, ningekuwa nalipa kwa wakati tungefahamiana wapi? Ada ya mahakama kwa Sura ya 7 ni dola 338. Kabla ya kufungua kesi lazima upate ushauri wa mambo ya madeni, na kabla ya kusamehewa usome kozi ya kutunza fedha. Fedha ipi? Yeye wakili naye anataka ujira wake wote mkononi kwanza. Nikamwomba nilipe kidogokidogo, akacheka mpaka akavua miwani. Anajua akinikopesha, deni lake litafutwa na mengine. Tena lake halivundikwi.

Mke wangu kasikia kwa watu kwamba watu wa kodi wana miaka 10 tu ya kukudai tangu deni liandikwe. Akasema tuvumilie, tumevumilia mangapi. Nikamuuliza wakili. Ukifungua kesi ya kufilisika, saa inasimama, na kesi ikiisha wanaongezewa miezi 6. Wanaongezewa wao! Aliyefilisika ni mimi.

Basi nimeomba kulipa kwa mwezi. Deni likiwa halizidi dola 50,000 unaomba kwenye intaneti, hakuna wa kukukaripia. Ila kuna ada. Ndiyo, ada ya kuomba ruhusa ya kulipa. Ukikubali wakate wenyewe benki, ada inapungua, nikakubali. Wakauliza kila mwezi tukate tarehe ngapi. Nikachagua tarehe 31, maana miezi mitano haina. Wamekataa. Mwisho wao ni 28.