Tundu limefunga, lakini ataona?

Wagonjwa wengi waliofanyiwa upasuaji wa tundu la makula, yaani tundu katikati ya retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, huambiwa: "Operesheni imefanikiwa, tundu limefunga." Wanarudi nyumbani, wanafungua gazeti, na herufi za katikati ya neno bado hazipo, au zimepinda. Mtu anayeambiwa hivyo huku hawezi kusoma jina la mjukuu wake kwenye simu ana haki ya kuuliza kufanikiwa huko ni kwa nani. Naamini sehemu kubwa ya jibu ilikuwepo tayari kwenye picha aliyopigwa kabla ya upasuaji, na alipaswa kuonyeshwa.

Picha ninayoisema ni ya OCT, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Hutumia mwanga kuonyesha tabaka za retina bila kuligusa jicho. Mwaka huohuo, Neil Kelly na Robert Wendel wa Marekani walichapisha matokeo ya upasuaji wa tundu la makula kwa macho 52. Matundu 30 yalifunga, lakini macho yaliyopata nafuu ya mistari miwili au zaidi kwenye chati ya herufi yalikuwa 22 tu. Leo, hasa kwa kubandua utando mwembamba ulio juu ya retina, matundu zaidi ya asilimia 90 hufunga. Ila kufunga bado ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine.

Itazame picha yenyewe. Retina yenye afya ni mkanda wa tabaka nyeupe na za kijivu, wenye kibonde kidogo katikati. Karibu na ukingo wake wa nje hupita mstari mwembamba unaong'aa, ambao ni sehemu ya seli zinazopokea mwanga. Penye tundu mstari huo umekatika, kama barabara iliyobebwa na mafuriko, na kingo za tundu zimeinuka zikiwa na vijishimo vya maji. Daktari hupima upana wa tundu pale lilipo jembamba zaidi. Lisilozidi mikromita 250 ni dogo. Likizidi 400, ambazo hazifiki hata nusu milimita, ni kubwa, na matarajio hushuka. Kisha hutazama mstari ule umekatika kwa urefu gani, na hapa ndipo mimi ningetaka akae muda mrefu zaidi, maana seli hizo ndizo zinazosoma. Baada ya upasuaji, mstari mwingine mwembamba ulio juu yake kidogo ndio hurejea kwanza. Huu ung'aao hufuata taratibu, kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Ule wa kwanza usiporejea, wa pili nao kwa kawaida haurejei.

Haya yote daktari bingwa anayajua. Kinachonikera ni kwamba hubaki kwenye faili, wakati mgonjwa anatia saini fomu ya ridhaa akidhani atarudishiwa jicho la zamani.

Picha peke yake haitoshi, nakubali. Haisemi tundu limekaa muda gani, na muda ni jambo zito sana: wiki chache na miaka miwili si sawa hata kama upana unalingana. Pia upasuaji huu mara nyingi huharakisha mtoto wa jicho, hivyo ukungu unaokuja miezi kadhaa baadaye huenda hauhusiani na retina kabisa. Siku hizi kompyuta nazo zinafundishwa kusoma picha hizi na kutabiri kiwango cha kuona. Nazikaribisha, mradi zijaribiwe kwa wagonjwa na mashine tofauti na zile zilizojifunzia, na mradi tarakimu yake isigeuzwe sababu ya kumnyima mtu upasuaji.

Kwa maana hata tundu kubwa la siku nyingi linaweza kustahili kufungwa. Doa la katikati hupungua, mistari iliyopinda hunyooka kiasi, hata kama kusoma maandishi madogo hakurudi. Mgonjwa akielezwa hayo kwa upole, picha ikiwa mbele yake, ataamua mwenyewe kama nafuu hiyo inatosha kumfanya ainamishe uso siku kadhaa huku gesi iliyowekwa ndani ya jicho wakati wa upasuaji ikilishikilia tundu.