Nimelipia usingizi, sikulipia taa

Hivi chumba cha hoteli kinahitaji taa ngapi usiku? Televisheni umeizima, kitaa chake chekundu bado kinakukodolea macho. Kiyoyozi nacho kina cha kijani. Kidude cha kutambua moshi kinapepesa darini usiku kucha. Na mapazia, jamani, mapazia! Unavuta huku, upenyo unafunguka kule. Shuka nalo limechomekwa chini ya godoro utadhani wanafunga mzigo. Miguu ikae wapi?

Wanasayansi walishaonyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza ugenini, upande mmoja wa ubongo hulala mang'amung'amu. Sasa huo mwingine uliojitahidi kulala, mnauamshaje kwa kubamiza milango ya korido saa kumi na moja alfajiri?