Chumvi ulingoni: Shinto na hamu ya Wajapani kurudisha maadili

Tarehe 4 Aprili 2018, katika mji wa Maizuru, mkoa wa Kyoto, meya alipanda kwenye ulingo wa sumo, mieleka ya Kijapani, kuwasalimu watazamaji. Hotuba haijafika mbali, akaanguka. Wanawake kadhaa wakapanda mbio na kuanza kumkandamiza kifua. Mara vipaza sauti vikatangaza: wanawake washuke ulingoni. Tangazo likarudiwa, na mikono ya akina mama ingali kifuani mwa mgonjwa.

Meya alinusurika, na mkuu wa chama cha sumo akaomba radhi, akikiri kuwa tangazo lile halikufaa wakati uhai wa mtu uko hatarini. Hata hivyo, mwamuzi aliyeshika kipaza sauti hakuwa katili. Alifanya alichofundishwa. Ulingo wa sumo ni mahali patakatifu kwa mila za Shinto, dini ya asili ya Wajapani: kabla ya mashindano huzikwa ndani yake mchele, chumvi na ngisi mkavu kama sadaka, na wachezaji hurusha chumvi kuutakasa. Kwa mila hiyo mwanamke haukanyagi. (Wapo wanahistoria wanaosema marufuku hiyo ilikazwa zaidi katika karne ya 19, kwa hiyo ukale wake nao una maswali.)

Naanzia Maizuru kwa sababu sisi huku kwa kawaida tunaingilia mlango mwingine. Picha za mashabiki wa Japani wakiokota takataka uwanjani kule Qatar mwaka 2022 zilitufikia kwenye simu, na chini yake maneno yaleyale: tuige Wajapani. Huko kwao lakini, wako wengi wanaoamini kwamba maadili yameporomoka. Wanataja uonevu shuleni, hasa baada ya kijana wa mji wa Otsu kujiua mwaka 2011. Wanataja wazee wanaofia peke yao vyumbani: polisi walihesabu zaidi ya watu 76,000 waliofia nyumbani wakiishi peke yao mwaka 2024, na wengi wao walikuwa na miaka 65 au zaidi. Mwaka 2021 serikali iliteua hata waziri wa kushughulikia upweke. Dawa inayopendekezwa na wahafidhina, wakiwemo viongozi wa chama kikuu cha mahekalu ya Shinto, Jinja Honcho, ni kurudi kwenye roho ya asili ya taifa. Hekalu la Shinto huitwa jinja, na msomaji wa Uganda anisamehe, halihusiani na mji wake.

Tatizo la kwanza la dawa hiyo ni kwamba Shinto haina msahafu wa sheria, wala mtume, wala amri kumi. Kojiki, kitabu cha mwaka 712, kimejaa visa vya miungu, na baadhi ya miungu hiyo ina tabia ambazo usingependa mwanao aige. Mwanazuoni wa karne ya 18, Motoori Norinaga, alijivunia upungufu huo. Kwake yeye, wingi wa mafundisho ya Wachina ulionyesha tu jinsi walivyokuwa wakosefu, ilhali Wajapani wa kale waliishi vyema bila kuhubiriwa. Ni hoja ya majivuno, lakini inasema kweli moja: ukitafuta maadili ya Shinto kwenye maandishi utatoka mikono mitupu.

Uyatafute mlangoni. Kila jinja yenye uwezo ina birika la maji na kata kadhaa juu yake. Unashika kata kwa mkono wa kulia, unaosha wa kushoto. Unabadilisha, unaosha wa kulia. Unamimina maji kiganjani, unasukutua. Mwisho unaisimamisha kata wima ili maji yaliyobaki yateremke na kuosha mpini. Mwislamu wa pwani ataona udhu, na hatakuwa amekosea sana. Kinachonivutia mimi ni ule mpini. Umeshajisafisha, shughuli yako imekwisha, lakini huondoki mpaka umemsafishia atakayeshika kata baada yako, mtu ambaye huenda hutamwona kamwe.

Hapo ndipo watetezi wana hoja yenye uzito. Dini hii inafundisha kwa mikono. Neno lake kubwa ni kegare, ambalo kwa Kiswahili naona "najisi" inalitosha: hali inayompata mtu kwa kifo, damu au maradhi, hata kama hana kosa, kisha ikaondolewa kwa maji, chumvi au dua. Aliyefiwa hukaa mbali na jinja kwa muda, mfano wa tanga letu. Tarehe 30 Juni na 31 Desemba hufanyika utakaso mkubwa wa nusu mwaka. Hakuna anayeambiwa kwamba ameoza mpaka ndani. Anaambiwa amepatwa na vumbi, aje aoshwe. Kwa jamii ambayo kijana aliyefeli anaweza kujifungia chumbani miaka mingi kwa aibu, wazo kwamba doa linatoka si dogo.

Kuna pia jambo la mahali. Jinja ya mtaa huwa na kijisitu chake, na sherehe yake ya mwaka ndiyo inayowakutanisha majirani, muuza samaki na meneja wa benki chini ya kijihekalu kimoja cha mungu wao, kinachobebwa mabegani. Mwaka 1906 serikali ilipoanza kuunganisha mahekalu madogo kwa nguvu, makumi ya maelfu yalifutwa na misitu mingi ikakatwa. Aliyepiga kelele alikuwa mtaalamu wa viumbe, Minakata Kumagusu, aliyeona kwamba msitu ukiondoka, na ujirani unaondoka nao. Wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, wangemwelewa bila mkalimani. Na baada ya tsunami ya Machi 2011, watu wa Soma, jirani na mitambo ya nyuklia ya Fukushima, waliendesha sherehe yao ya farasi Julai ya mwaka uleule, japo kwa kiasi kidogo, huku wengi wao wakiwa bado wamehama makwao.

Tazama sasa jambo hilohilo likishikwa na serikali. Baada ya mapinduzi ya Meiji ya 1868, Shinto ilifanywa nguzo ya dola. Waraka wa Mfalme kuhusu Elimu wa mwaka 1890 ulisomwa shuleni kwa heshima ya ibada, ukiwataka raia wajitoe kwa ajili ya kiti cha enzi hatari inapofika. Ulikuwa na maneno mazuri kuhusu wazazi, ndugu na marafiki. Ndiyo sababu hadi leo wapo wanaouliza: ubaya wake uko wapi? Ubaya ulionekana vitani. Desemba 1945 Wamarekani walivunja uhusiano wa dola na Shinto, na katiba ya 1947, ibara ya 20 na ya 89, ikaufunga mlango huo. Wahafidhina wanasema hapo ndipo taifa lilipong'olewa moyo.

Tangu hapo mlango huo unasukumwa polepole. Sheria ya msingi ya elimu ilirekebishwa mwaka 2006 na kuingizwa upendo wa nchi. Mwaka 2018 maadili yakawa somo rasmi la shule za msingi, lenye vitabu na tathmini, na kisa cha Otsu ndicho kilichotumika kulitetea. Somo lenyewe halihubiri Shinto, lakini lina nasaba na siasa hiyo: Waziri Mkuu wa wakati huo, Abe Shinzo, aliongoza kundi la wabunge linaloungana na tawi la kisiasa la Jinja Honcho. Na matunda yake? Wakati wa ukaguzi wa vitabu, hadithi moja ya mtoto anayetembea mtaani ilionekana haikidhi kipengele cha kupenda nchi na utamaduni. Duka la mikate likabadilishwa kuwa duka la vitamutamu vya Kijapani, kitabu kikapita. Bado najiuliza ni mtoto gani mwonevu atakayeacha kumpiga mwenzake kwa sababu hiyo. Mwaka 2017 iligunduliwa pia kwamba chekechea moja ya Osaka ilikuwa ikiwakaririsha watoto ule waraka wa 1890.

Yasukuni, hekalu la askari waliofia vitani, nitaipita haraka, maana imeandikwa mno. Inatosha kusema kwamba mwaka 1978 wahalifu 14 wa kivita wa daraja la juu waliunganishwa humo na roho za askari, na Mfalme Hirohito, ambaye vita vilipiganwa kwa jina lake, hakukanyaga tena pale baada ya 1975. Hekalu la kuwaombolezea wafu likageuka kesi isiyokwisha na China na Korea.

Lakini kumlaumu mwanasiasa peke yake ni rahisi mno, ndiyo maana nilianzia ulingoni. Usafi wenyewe una ncha mbili. Kwa karne nyingi wachinjaji, watengeneza ngozi na wazika maiti walionekana wamebeba najisi ya kifo kizazi hata kizazi, jambo ambalo Shinto na Ubuddha zote zilichangia. Sheria iliwafutia utabaka huo mwaka 1871, ila wajukuu wao wameendelea kubaguliwa katika ndoa na ajira kiasi kwamba mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria nyingine. Wao hawakupewa kata ya kujisafishia. Na siku tatu baada ya tsunami, gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisema ni adhabu ya mbingu, na kwamba maji yale yatumiwe kuosha tamaa za Wajapani. Kesho yake akaomba radhi. Waliokuwa wamesombwa ni wavuvi na bibi vizee wa Tohoku, kaskazini-mashariki mwa nchi.

Msimamo wangu ni huu. Desturi hizi zinalea mtu pale zinapomwacha ajisafishe mwenyewe na kumwandalia mwenzake. Zinaharibika mara tu mwingine anapopewa mamlaka ya kutangaza nani ni safi, awe waziri, mwamuzi au mkwe. Hofu yangu ni kwamba wanaotaka Shinto irudishe maadili wanapenda hilo la pili kuliko la kwanza, kwa kuwa ndilo linalotungiwa sheria. Mwenye hoja ya kinyume atasema desturi isiyolindwa hufa, na vijiji vinavyokimbiwa vinampa haki: kasisi mmoja huangalia mahekalu mengi, na hana wa kumrithi.

Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690. Iliwahi kukatika zaidi ya miaka 120 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikafufuliwa. Nguzo zikishushwa hutengenezewa malango ya darajani, na baada ya miaka 20 mingine hupelekwa kwingine kutumika. Mwaka 1923 walipanga kuotesha msitu wao wenyewe wa mihinoki, miti ya kujengea hekalu, kwa hesabu ya miaka 200, na ujenzi wa 2013 ulipata karibu robo ya mbao zake humo. Juni 2025, katika milima ya Kiso, wakata miti waliovaa nguo nyeupe waliangusha kwa shoka, shina likitobolewa pande tatu, miti ya kwanza ya hekalu la 2033.