Sarafu ya Nero: uipige eksirei tu au uitoboe?

Huu ubishi wa kupima madini ya sarafu za kale naupenda maana pande zote mbili zina hoja. Wa kwanza wanasema chukua ile mashine ndogo ya eksirei ya kushika mkononi, ielekeze kwenye sarafu, muda si mrefu unaona silva kiasi gani, shaba kiasi gani, na sarafu inabaki kama ilivyo. Wengine wanasema hapana, toboa kitundu ukingoni kwa keekee nyembamba, vumbi la juu mwaga, la ndani ndo upime.

Chukua denari, ile sarafu ya silva ya Roma, enzi za kaisari Nero. Mwaka 64 baada ya Kristo aliipunguza uzito na shaba akaiongeza. Miaka ya 1970 mtafiti Walker alipima nyuso za sarafu nyingi sana kwa eksirei na hizi za Nero akazipa silva kama asilimia 93, baadae Butcher na Ponting wakaja na keekee yao wakakuta kama 80. Yani mmoja anakwambia kaisari alibana matumizi kidogo, mwingine anakwambia kaisari kawapiga watu wake mchana kweupe!

Shida ni ngozi ya sarafu, yani ule uso wa juu. Mafundi walikua wanakichoma kile kipande cha madini kabla hakijawa sarafu mpaka shaba ya juu inakua nyeusi, wanakiosha kwenye kitu kikali kama siki, shaba ya juu inatoka inabaki silva, ndo kinagongwa muhuri. Halafu ikae ardhini karne 19 shaba izidi kuliwa, aje na mtu aisugue ing'ae. Eksirei kwenye silva inasoma ngozi tu, haifiki hata nusu milimita, kwa hiyo hapo inasoma vipodozi.

Ila wa eksirei tusiwadharau. Kwa kukamata feki ya kiwandani au sarafu ya shaba iliyovishwa silva iliyochubuka, mashine yao inatosha kabisa, na dhahabu safi haina mambo mengi ya ngozi. Alafu nani atakuruhusu utoboe? Dinari za dhahabu za sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa zinazojulikana ni chache mno, anaetaka kuweka keekee pale mimi namfungia mlango. Ila Mtambwe Mkuu kule Pemba mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2000, nyingi za silva, vidogo kweli, pale kutoboa chache zilizokwisha vunjika sio dhambi. Kuna na njia ya miale ya muoni (chembe ndogo kuliko atomu) inayoingia ndani bila kutoboa, ila inataka mtambo mkubwa kama ule wa ISIS, maabara ya utafiti huko Uingereza, sio kitu cha kubeba kwenye begi kwenda Pemba.

Kwa denari mimi niko na wa keekee. Kinachoniudhi ni jedwali linaloandika silva 93.47 bila kusema wamepima juu au ndani, desimali mbili za vipodozi hizo.