Fungua hiyo plastiki, tafadhali

Jumamosi asubuhi barabara ya Kasapa hujaa watu wa futing, yaani mbio za mazoezi, na kila mara kuna mmoja wa kunipandisha hasira. Kijana kavaa jezi mpya ya vitundu-vitundu, ile wanayosema inapoza, halafu juu yake koti la nailoni, zipu mpaka kidevuni. Ukimwuliza, anafunua kidogo: tumbo limezungushiwa plastiki ya jikoni. "Nakausha mafuta, papa." Mwezi wa Oktoba, na joto hili! Lubumbashi!

Jasho si mafuta, ndugu zangu. Ni maji na chumvi. Kazi yake ni kukauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Lita moja ikikauka yote huchukua karibu kilokalori 580. Ukijifunga plastiki halikauki, linatiririka tu mpaka kwenye soksi. Joto linabaki ndani, moyo unapiga mbio kuliko miguu. Na ile kilo unayojivunia kwenye mzani inarudi ukishakunywa maji. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Oktoba, kabla mvua hazijashika, hewa yetu ni kavu na jasho linakauka upesi, bure kabisa. Sisi tunalizibia njia!

Natia chumvi? Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki, mmoja baada ya mwingine, ndani ya wiki tano tu. Walikuwa wakipunguza uzito kwa mazoezi kwenye joto, wamevaa suti zisizopitisha hewa. Mwanzoni mwa 1998 suti hizo zikapigwa marufuku katika mieleka ya vyuo. Hao walikuwa vijana wenye misuli, si sisi wa bukari (ugali) ya usiku na bia ya Jumapili.

Na wauzaji nao! Kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, nilimwona mmoja ameshika jezi ya kupoza mkono huu na mkanda wa mpira wa kuchoma tumbo mkono huu. Mteja akachukua vyote viwili. Baridi na moto katika mfuko mmoja.

Haya, nikubali: jezi za poliesta zina faida. Pamba inakunywa jasho, inalowa, inakuwa nzito, inakuchubua chuchu mpaka damu. Poliesta haikunywi, jasho linatandaa na kukauka haraka. Lakini Desemba, hewa ikishashiba maji, hata ya bei kali itakugandia mgongoni. Na inanuka vibaya, ifue siku hiyohiyo.

Viatu vya wavu vinapitisha hewa, ndiyo, pamoja na vumbi jekundu lote la kando ya lami. Acha nafasi mbele ya kidole gumba, mguu unavimba ukikimbia.

Najua mtaniambia mabondia nao hujifunga hivyo. Bondia anatoa maji ili apite mzani, kisha anayanywa tena kabla ya pambano. Wewe, papa, kesho unapigana na nani?