Kwapa la ndege na noti ya elfu kumi

Jumapili iliyopita, saa kumi za jioni, bamvua, maji yamejaa mpaka kwenye mikoko ya Chwaka, Unguja. Ndege wote waliotawanyika uwandani tangu asubuhi wamebanana kwenye ulimi mmoja wa mchanga, upana wake kama barabara ya kijijini. Mguu mmoja juu, mdomo ndani ya manyoya, wote wameelekea upepo. Mimi nimekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, jua mgongoni, nahesabu vitwitwi, napotea, naanza upya. Raha tupu.

Mara akatokea bwana mmoja mgeni na lenzi kama mzinga wa nyuki, nyuma yake kijana wa hapa hapa amebeba mkoba. Wakanong'onezana. Noti ikatoka. Kijana akavua makubadhi, akainua mikono, akapiga ukelele na kukimbia moja kwa moja kundini.

Kamera ikalia kama cherehani. Mchanga ukabaki mtupu.

Nilimwendea. Sikumtukana, nimelelewa, lakini salamu pia sikumpa. Akanieleza kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye mgeni: kuna kitwitwi mmoja mkubwa wa kijivu, jicho kubwa, mdomo mfupi mnene, alitaka kuhakikisha ni wa kijivu kweli au ni yule ndugu yake wa dhahabu. "Mpaka aruke ndiyo utaliona kwapa."

Kinachoniudhi ni kwamba kasema kweli. Wa kijivu ana kwapa jeusi ti, kama kafutia sufuria la kuni. Wa dhahabu kwapa lake lina rangi ya moshi tu. Ukiliona hilo doa, ubishi umekwisha. Na alama nzuri kama hiyo imewekwa pale pale ambapo bawa likikunjwa haionekani!

Lakini bwana wee, maji yamejaa! Ndege hawa hawaendi kwa mchana na usiku kama sisi, wanakwenda kwa kupwa na kujaa. Yakipwa wanakula, hata iwe usiku wa manane. Yakijaa, sinia limefunikwa, hakuna la kufanya ila kulala na kutunza kilicholiwa. Mrushe wakati wa kupwa, atasogea hatua hamsini aendelee na mnyoo wake. Mrushe maji yamejaa, hana pa kwenda. Siku ile walizunguka ghuba mara nne, wakishuka na kukuta kijana bado kasimama pale pale anasubiri amri, wakipanda tena. Kila mzunguko unaunguza mafuta, na mafuta ndiyo nauli. Huyo wa kijivu anazaliana kwenye nyanda za baridi kule Siberia. Siberia, jamani! Na yeye ndiye ndege mwenyewe, hana pa kupanda mwingine Dubai.

Kulikuwa na wala kaa watano pia, wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo kama kisu. Hao hutaga Oman na nchi za Ghuba kule Uarabuni, ndani ya mashimo mchangani, yai moja tu, na mtoto anakuja huku kwetu bado analishwa na mzazi. Mmoja wa wale watano alikuwa mtoto, mgongo wa kijivu, anamfuata mkubwa wake kwa nyuma akilialia kuomba. Vurugu ilipoanza, mkubwa akaelekea upande wa Michamvi, mtoto akazunguka na wengine. Nilimsikia analia mpaka nikaondoka.

Picha zilitoka nzuri, nisiseme uongo. Alinionyesha kwenye kioo, kwapa jeusi limeonekana waziwazi.

Na kabla hamjaniandikia: ndiyo, nami nimefanya hivyo. Mwaka niliponunua lenzi yangu ya kwanza nilikuwa napiga makofi. Nilijiambia makofi si kukimbia. Kijana naye simlaumu, elfu kumi ni elfu kumi, na bei ya mwani sote tunaijua.

Ila subira haina bei. Ndege akiamka hujinyoosha, bawa moja na mguu mmoja pamoja, kama mzee anayetoka kitandani. Akitua, mara nyingine huinua mabawa yote mawili kidogo kabla ya kuyakunja. Kwapa hilo hapo, bure. Na wa kijivu ana sauti yake, mluzi wa huzuni unaoshuka katikati kisha ukapanda. Ukishausikia, kwapa la nini? Hata mwendo wake unamtaja: hatua tatu, anasimama, anakodoa, anadonoa.

Droni sizigusi leo, nitapandwa na presha. Na nyinyi mnaotuma picha ya kiwiliwili bila miguu, bila kutaja mwezi wala mahali ilipopigwa, "msaada, ndege gani huyu?", tafadhali. Programu ya simu nayo juzi ilikataa katakata kumtambua sululu, ndege ambaye hata mtoto wa madrasa akitazama ule mdomo anajua kwa nini ana jina moja na chombo cha kuchimbia.

Jumatatu nilirudi, maji yakiwa hayajafika juu. Kijana alikuwepo, hana mgeni. Akaniamkia, akakaa upande wa pili wa ngalawa. Nikampa darubini. Tulikaa kama saa nzima, yeye akiuliza hiki na kile, mimi nikisema ngoja. Kisha wa kijivu mmoja akanyoosha bawa.

"Jeusi!" akasema, kwa sauti kubwa mno. Wawili watatu wakageuza vichwa. Hawakuruka.